Kasha la bibi: kutambua fedha za urithi kwa chapa zake

Marehemu bibi ameacha kasha dogo la mbao lililojaa vitu vya fedha. Dhahabu yake aliigawa mwenyewe akiwa hai. Kabla ya mirathi kugawanywa, wanandugu wanataka kujua kila kitu ni nini, ni fedha kweli au imepakwa tu, na kimetoka wapi. Kazi nimekabidhiwa mimi, nami naiandika hapa kila hatua inapokamilika ili mwenye kasha kama hili aweze kufuata.

Yaliyomo: kekee mbili nzito (bangili pana za kizamani), mafurungu mawili (mapambo ya miguuni), mkufu wa reale (sarafu za fedha za zamani), bangili nyembamba ya kufunguka, bangili pana yenye michoro ya maua, bangili iliyogongwa 925, bruchi moja na mrashi (chombo cha kunyunyizia marashi). Mrashi si pambo la mwilini, lakini ulikuwa humo humo kwenye kasha, kwa hiyo nimeuingiza.

3 Februari 2024: kabla ya kugusa chochote

Nimekataza usafi. Shangazi alikwisha kuandaa majivu na ndimu kama inavyofanyika kila Idi, ikabidi nimwombe kwa adabu zote aache kwanza. Ule weusi uliokaa ndani ya chapa, yaani alama ndogo zilizogongwa kwenye fedha, ndio unaozifanya zisomeke. Ukisugua, weusi unatoka, na kila msuguo unalamba kingo za chapa kidogo kidogo.

Kila kitu nimekipa namba, mfuko wake wa nailoni, uzito wake na picha kikiwa kando ya rula. Vifaa: lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 (shilingi 18,000) na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (35,000). Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kwa kazi hii, na sababu itaonekana huko mbele.

Chapa hukaa mahali pa kujificha: ndani ya bangili karibu na bawaba, nyuma ya bruchi chini ya pini, kwenye kitako cha chombo. Kuzipata si kazi. Kazi ni kuzipiga picha, maana flashi ya simu inawaka, fedha inarudisha mwanga wote na picha inatoka nyeupe. Kilichosaidia ni kuzima flashi na kulaza tochi ya simu ya pili mezani, ubavuni mwa kitu, ili mwanga upite juu ya chapa na kila kishimo kitupe kivuli.

Kwa chapa zilizolika kabisa, hata hilo halikutosha. Hapo nimetumia moshi. Shikilia sehemu yenye chapa juu ya mshumaa sekunde moja au mbili, ishike masizi. Bandika selotepu angavu, ikandamize kwa ukucha, ibandue, kisha ibandike kwenye karatasi nyeupe. Umbo lote linahamia kwenye karatasi, wala halitoki kinyume. Masizi yanafutika kwa kitambaa laini. Usifanye hivyo kwenye kitu chenye mawe, au kilichojazwa lakiri au nta ndani.

11 Februari: bangili ya kufunguka

Ndani yake, kando ya bawaba, zimo chapa nne mstarini: herufi mbili za mtengenezaji, nanga, mnyama, na herufi h.

Nanga ni Birmingham, Uingereza. Mji wenyewe hauna bahari, lakini ofisi yake ya ukaguzi wa fedha imekuwa ikigonga nanga tangu ilipofunguliwa mwaka 1773. Ya Sheffield, iliyofunguliwa mwaka huo huo, iligonga taji hadi 1974, halafu ikahamia kwenye ua la waridi. London ni kichwa cha chui, Edinburgh ni ngome. Mnyama wetu kwa lenzi alikuwa kama panya aliyekanyagwa. Kwa selotepu alionekana vizuri: simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Simba huyo amekuwa akigongwa Uingereza tangu mwaka 1544, na maana yake ni fedha ya 925 katika 1,000.

Herufi ndiyo yenye mtego. Kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake wa herufi, kila herufi mwaka mmoja, na mizunguko haikuanza pamoja. Herufi h ndogo kwa jedwali la London ni 1903. Kwa Sheffield ni 1900. Kwa Birmingham ni 1907. Kwa hiyo soma mji kwanza, halafu ndipo ufungue jedwali la mji huo peke yake. Ukianza na herufi utapata mwaka wowote unaoutaka.

Bado haijaisha. Birmingham yenyewe ilikuwa na h nyingine mwaka 1882, ila ile iliandikwa kwa mwandiko wa kale wenye pembe pembe, na h yetu ni ya kawaida ya vitabuni. Tena hadi mwaka 1890 vitu vilivyotozwa ushuru viligongwa pia kichwa cha mfalme au malkia. Kwetu hakuna kichwa. Hilo pekee lisingetosha, kwa kuwa vitu vingine vidogo vilisamehewa ushuru, lakini likijumlishwa na umbo la herufi nimeridhika: mwaka wa ukaguzi ulioanza Julai 1907 na kuishia katikati ya 1908.

Chapa imesema bangili ilikaguliwa wapi na lini. Haikusema ilifikaje hapa kwetu Tanga. Mwaka 1907 huku kulikuwa kwa Mjerumani, na bidhaa za Kiingereza zilijaa zaidi Unguja na Mombasa. Huenda ilivuka kwa dau, huenda ilikuja baada ya vita. Kwenye jedwali la familia nimeacha nafasi hiyo wazi, ingawa mjomba anashikilia kwamba ni mahari ya mama yake bibi.

17 Februari: bruchi na mrashi

Bruchi imenichukua muda mfupi kuliko vyote. Chini ya pini kuna mwezi mwandamo, taji, na namba 800. Shangazi aliuona mwezi akachangamka.

"Si nilikwambia? Fundi wake Mwislamu huyo."

"Shangazi, huo ni mwezi wa serikali ya Ujerumani."

Hakupenda. Lakini ndivyo ilivyo: sheria ya Ujerumani ya 1884, iliyoanza kutumika 1888, iliweka mwezi na taji kuwa alama ya fedha, na 800 ni gramu za fedha katika kila 1,000. Kwa mji ambao Wajerumani walianza kuujengea reli mwaka 1893, bruchi ya aina hii si ajabu. Tatizo ni kwamba alama hiyo inatumika hadi leo na haina herufi ya mwaka, kwa hiyo inasema tu "si kabla ya 1888". Umri nimeukadiria kwa pini: ni ndefu kupita ukingo wa bruchi, na inashikwa na ndoano tupu yenye umbo la C, bila kile kikufuli cha kuzungusha kilichokuja kuenea baadaye. Nimeandika "mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kukisia".

Mrashi ndio uliotusumbua. Kwenye kitako una ngao nne zilizopangwa kwa ustadi, kila moja na herufi yake ya mapambo, na mtu asiyejua angeapa kwamba ni chapa za Kiingereza. Ukizisoma ni E, P, N, S. Maana yake ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli uliopakwa fedha kwa umeme, ufundi ambao Elkington wa Birmingham waliupatia hataza mwaka 1840. Watengenezaji walizipanga herufi hivyo makusudi, zifanane na chapa za kweli.

Ndugu mmoja hakuridhika, akataka tindikali. Nimenunua kichupa cha tindikali ya kupimia fedha pamoja na jiwe jeusi la kukwaruzia (45,000). Unakwaruza kitu kwenye jiwe, unadondosha tone juu ya mkwaruzo: wekundu wa damu ni fedha nzuri, hudhurungi ni fedha hafifu, kijani ni fedha duni sana au si fedha. Mrashi ukatoa wekundu wa damu! Kelele za ushindi zikasikika hadi uani.

Mkwaruzo mwepesi huchukua ngozi ya juu tu, na ngozi ya juu ya mrashi ni fedha halisi. Nikachukua tupa ndogo, nikasugua mahali pasipoonekana chini ya kitako hadi rangi ikabadilika kidogo kuelekea manjano, nikakwaruza tena. Kijani. Kwa hiyo tupa kwanza, tindikali baadaye, na ujue kwamba umekwisha kuacha alama ya kudumu. Kwenye kitu kizuri nisingefanya. Tindikali yenyewe ni kali na ina sumu: glavu, dirisha wazi, watoto mbali, na magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji yawe karibu ya kumwagia matone yaliyobaki.

25 Februari: bangili ya maua na ile ya 925

Bangili pana nusura niiweke kwenye fungu la visivyosomeka. Ndani yake niliona kitu kama nukta, nukta, halafu V ndogo. Nilihangaika na majedwali ya Ulaya jioni nzima. Mwanafunzi wa madrasa wa hapa nyumbani akaigeuza juu chini, akasoma bila kusita: "Mia nane." Ilikuwa ٨٠٠. Nane ya Kiarabu ikipinduliwa inakuwa saba, na sifuri zake ni nukta ambazo mtu huziona kama vidonda vya nyundo. Kabla hujakata tamaa na chapa yoyote ya pwani hii, izungushe duara zima.

Baada ya hapo mengine yalifunguka. Kando ya namba kuna ua la yungiyungi na herufi ya Kiarabu. Huo ni mpangilio wa Misri: namba ya ubora, alama ya serikali, herufi ya mwaka. Zamani alama ya serikali ilikuwa paka, na yungiyungi likachukua nafasi yake mwaka 1946. Kwa hiyo bangili si ya kale kama tulivyodhani, lakini inaafikiana na habari ya kaka yake bibi aliyekwenda kusoma Cairo. Hapa kwa mara ya kwanza chapa na simulizi la nyumbani vimekubaliana.

Ile ya 925 haina alama nyingine yoyote: si mji, si mtengenezaji, si mwaka. Namba tupu kama hii inaweza kugongwa na yeyote mwenye nyundo, nayo imejaa kwenye bangili za madukani siku hizi. Tindikali inasema ni fedha. Sifa ya ukale nimeiondoa: imeandikwa "ya karibuni".

9 Machi: reale na mwaka wake

Mkufu una reale za Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizochomelewa vishikizo, na kila moja ina mwaka 1780. Ukooni inasemwa mkufu una zaidi ya miaka 240. Hapana.

Maria Theresa alifariki Novemba 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka huo huo kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Uarabuni hawakutaka nyingine. Ilipigwa Vienna kwa miaka mingi. Mwaka 1935 Italia ilipata kalibu zake kwa ajili ya vita vyake vya Uhabeshi ikaipiga Roma, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kuipiga London. Baadaye ikapigwa hata Bombay. Zote zimeandikwa 1780. Kujua ipi ilipigwa wapi ni elimu ya peke yake: watu huhesabu lulu za kwenye pambo la begani mwa malkia upande mmoja wa sarafu, na kuangalia manyoya ya mkia wa tai upande wa pili. Zetu zimelika mno kwa shughuli hiyo.

Nilichoweza kuhakikisha ni kama ni halali. Herufi S.F. zipo chini ya kifua. Pembeni, kwenye unene wa sarafu, maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yanasomeka, nayo ndiyo waigaji wa mitaani huyakosea au kuyaruka. Reale nzima ina gramu 28.07 na fedha ya 833 katika 1,000. Uzito wetu haulingani kwa sababu ya vishikizo, na sitavikata ili kujiridhisha.

23 Machi: visivyo na chapa, na maji

Zimebaki kekee na mafurungu, ambavyo ndivyo vizito kuliko vyote na havina hata nukta ya chapa. Mmoja wetu alikwisha kusema ni bati. Mafundi wa pwani na wa Omani walifua kwa ajili ya mteja aliyeketi mbele yao, mara nyingi kwa kuyeyusha reale alizokuja nazo mwenyewe. Hakuna ofisi ya kukagua, kwa hiyo hakuna cha kugonga. Kukosa chapa kwenye kekee si dosari. Ningeshangaa zaidi kuikuta.

Sonara mzee niliyempelekea alizipitisha kidole upande wa ndani tu: mawimbi madogo ya nyundo, mistari ya nakshi isiyolingana kina, hakuna mshono wa kalibu. Akasema kazi ya mkono, akakataa hela yangu.

Ubora nimeutafuta kwa maji. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kitu ndani ya maji bila kugusa kitako wala kingo. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa kitu kikavu kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa 10.49, ya 925 kama 10.36, ya 833 kama 10.2, shaba nyekundu 8.96, na mchanganyiko wa mrashi wetu kama 8.7.

Kekee ya kwanza ina gramu 69.60. Maji yalisoma 7.04, jibu 9.89: si fedha nzuri, si shaba. Nikarudia, namba ikaja nyingine kabisa. Kwa lenzi nikaona vipovu vya hewa vimejipanga ndani ya kila mfereji wa nakshi, na kila kipovu kinasukuma maji kana kwamba ni sehemu ya kekee. Uzi wa pamba nao ulikuwa ukinywa maji. Marekebisho: maji yaliyochemshwa yakapoa ili hewa iliyomo itoke, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ya kufagia vipovu kekee ikiwa imezama, na mshipi mwembamba wa kuvulia badala ya uzi (1,000). Sasa maji yanasoma 6.82, na jibu ni 10.2. Hapo ndipo utaona kwa nini mizani ya gramu nzima haifai: kati ya 833 na 925, maji yanatofautiana sehemu ya kumi tu ya gramu.

Mafurungu yamegoma. Moja lina gramu 148.6 na maji yalisoma 24.9, jibu chini ya 6, wakati hata shaba nyeupe ingezidi 8. Jibu hilo halihusu madini. Furungu ni tupu ndani, na vile vinavyolia ukilitikisa ni vijiwe. Mbaya zaidi, vipovu vilianza kutoka kwenye mshono, maana yake maji yalikuwa yakiingia. Nililitoa mara moja, nikaliacha juani mshono ukitazama chini, na liliendelea kutoa unyevu siku kadhaa. Kitu kinachotikisika kikalia kisiwekwe majini.

13 Aprili: Dar, baada ya Idi

Wanunuzi wa dhahabu Kariakoo wana mashine za eksirei zinazosoma madini bila kukwaruza. Bei 10,000 kwa kila kipimo, nimelipia vitatu. Nauli kwenda na kurudi 40,000.

Kekee upande wa nje ilisoma fedha asilimia 89. Hii ilinivuruga, kwa sababu maji yalisema kama 83. Mashine haidanganyi, ila inasoma ngozi tu. Fundi akikipasha moto kitu cha fedha yenye shaba kisha akakichemsha kwenye shabu ili king'ae, shaba ya juu inaliwa na fedha inabaki, kwa hiyo ngozi inakuwa bora kuliko nyama. Nikaomba wapime ukingo wa ndani uliolika kwa kuvaliwa. Ikasoma 83.4, iliyobaki karibu yote shaba. Sasa maji na mashine wanasema kitu kimoja.

Ni ubora wa reale. Kekee zote mbili kwa pamoja zina gramu 138.85, na reale tano zina 140 na kidogo, kwa hiyo ukitoa kinachopotea kwenye moto na tupa, hesabu inakaa. Nimeiandika kama dhana, kwa kuwa fedha ya Uholanzi ya daraja la pili nayo zamani ilikuwa 833, na uzito kulingana unaweza kuwa bahati.

Furungu, kwa ukingo wake uliolika, ni 81. Si bati.

28 Aprili: hali ilivyo

Jedwali limetumwa kwa wanandugu wote: kitu, uzito, ubora, asili, na safu ya mwisho yenye neno "hakika" au "dhana". Ubishi wote umekuwa kwenye safu hiyo, hasa mwaka wa mkufu. Mafurungu hatujayapa uzito wa fedha, kwa sababu hakuna aliye tayari kuyapasua ili tupime vijiwe. Tumekubaliana yaende kwa mrithi mmoja kwa maridhiano. Mrashi ameuchukua shangazi, na amekwisha kuusugua kwa majivu.

Gharama zote: lenzi 18,000, mizani 35,000, tindikali na jiwe 45,000, mshipi 1,000, vipimo vya mashine 30,000, nauli 40,000. Jumla 169,000. Nikianza upya nisingenunua tindikali.